Pima kiuno kabla moyo haujaanza kulalamika: mwongozo kwa waliovuka miaka 40

Hii nawaandikia ndugu zangu wa Kampala, Jinja, Arua, Mbarara, popote mlipo hapa Uganda, hasa nyinyi mliovuka 40 na nyinyi wenye wazee nyumbani. Kila siku nasikia mtu anasema uzito wangu haujabadilika toka nioe, mimi niko sawa, na huku mkanda ameutoboa tundu lingine kwa msumari. Hapo ndo penye shida yenyewe. Kilo zinaweza kukaa palepale miaka ishirini na bado hatari ya moyo ikapanda, kwa sababu ndani ya hizo kilo vitu vimepishana, misuli imetoka na mafuta ya tumboni yameingia, na mizani haina namna ya kukuonyesha hilo. Tepu ya fundi cherehani inakuonyesha ndani ya dakika mbili.

Kabla hujashika tepu, elewa kinachotokea humo ndani

Kuanzia miaka ya 30 hivi mwili unapoteza misuli taratibu, kama asilimia 3 mpaka 8 kila miaka kumi, na ukivuka 60 mwendo unaongezeka. Misuli ndo inayotumia sehemu kubwa ya sukari unayokula, kwa hiyo ikipungua na wewe unaendelea na sahani ileile ya posho na maharage uliyokuwa unamaliza enzi za ujana, kinachobaki mwili unakiweka akiba. Swali ni unakiweka wapi. Mafuta ya chini ya ngozi, yale ya mapajani na makalioni, hayana ubaya mkubwa kwa moyo. Mabaya ni yale ya ndani kabisa yanayozunguka utumbo na ini. Hayo yanamwaga asidi za mafuta kwenye mshipa unaoenda moja kwa moja kwenye ini, ini linaanza kutengeneza mafuta mengi ya kwenye damu na kuachia sukari zaidi, insulini, ile homoni ya kushusha sukari, inashindwa kazi, presha inapanda, na mishipa inayolisha moyo inaanza kujaa utando polepole. Na hayo yote hayaumi hata kidogo, mtu anaishi nayo miaka akijiona mzima.

Wanaume huanza mapema kuweka mafuta tumboni. Wanawake wana nafuu mpaka hedhi ikome, kwa wengi ni kati ya miaka 45 na 55, hapo homoni ya estrojeni inashuka na mafuta yaliyokuwa yanakaa kwenye nyonga yanaanza kujazana tumboni. Kwa hiyo mama wa miaka 52 anayeshangaa tumbo limetoka wapi wakati chakula ni kilekile, tafadhali msimwambie ni uvivu. Mwili wake umebadilika kweli, na yeye ndo anahitaji tepu kuliko wote.

Kuna utafiti mkubwa unaitwa INTERHEART, matokeo yake kuhusu unene yalitoka mwaka 2005, ulihusisha watu kama 27,000 kwenye nchi 52. Waligundua kwamba kiuno ukilinganisha na nyonga kinatabiri shambulio la moyo vizuri kuliko uzito ukilinganisha na urefu. Mwingine wa zamani zaidi, wa manesi wa Marekani, uliotoka mwaka 1995, ulionyesha wanawake walioongeza kilo 5 na kuendelea tangu wakiwa na miaka 18 walikuwa na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa mishipa ya moyo, hata wale ambao uzito wao bado ulihesabiwa wa kawaida.

Najua kuna atakayesema hayo ni magonjwa ya wazungu. Zamani ilikuwa karibu kweli. Daktari Hugh Trowell aliyefanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, miaka mingi alikuwa anashangaa jinsi ugonjwa wa mishipa ya moyo ulivyo nadra kwa Waafrika, mpaka mwaka 1956 yeye na mwenzake wakaandika kisa kimoja kwenye jarida la madaktari wa Afrika Mashariki, na mgonjwa mwenyewe alikuwa jaji mnene aliyeishi Uingereza kwa miaka mingi. Kisa kimoja kiliandikwa kama habari! Sasa linganisha na uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 hapa Uganda, takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne alikutwa na presha ya juu na wengi wao hawakuwa na habari.

Halafu kuna lile jambo ambalo sisi wa Uganda tunalijua na hatulisemi. Tumezika watu wengi sana wa silimu, yaani UKIMWI, tangu miaka ya 80, tuliwaona wakikonda mpaka mifupa, na hofu ile bado iko. Mtu akipungua mtaani wanaanza kunong'ona, kwa hiyo wengi wanaona bora kitambi kuliko maneno ya majirani. Naielewa hiyo hofu na siicheki. Ila majirani hawatakuja kukupumulia ukiwa wodini, kwa hiyo kama umeamua kupunguza tumbo, mwambie mwenzio na mtu mmoja wa familia unachofanya na kwa nini, maneno yatapoa yenyewe.

Hatua ya kwanza: tafuta tepu na uvue nguo

Tepu ni ile ya kitambaa au plastiki ya fundi cherehani, isiyovutika. Ukikosa, kamba yoyote isiyovutika inatosha, nitaeleza chini.

Kuhusu nguo nasisitiza. Gomesi, lile gauni letu la heshima la akina mama, haipimiki. Ndani mama amefunga kikoi ili nyonga zijae, juu kuna gauni lenyewe, juu ya gauni kuna ule mshipi mpana, ukipitisha tepu hapo unapima vitambaa. Kanzu nayo inaficha kitambi cha mzee vizuri sana, mtu unamuona mwembamba kwenye kwanjula (sherehe ya utambulisho wa posa), kumbe ndani hali ni nyingine. Pima kwenye ngozi, au juu ya nguo moja nyepesi tu. Asubuhi ndo bora, umeshaenda chooni na hujanywa chai.

Hatua ya pili: pata sehemu yenyewe

Wengi wanakosea hapa. Wanaume wanapima pale suruali inapokaa, yaani chini ya kitambi, wanapata namba nzuri wanafurahi bure. Simama wima, miguu iachane kidogo. Weka vidole ubavuni, bonyeza ushuke mpaka uhisi ubavu wa mwisho kabisa. Kisha toka chini upande, uguse ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, ule mgumu ambao mtoto anakalia ukimbeba kiunoni. Katikati ya hizo sehemu mbili ndo pa kupima. Kwa watu wengi ni karibu na kitovu ila sio lazima, kwa mwenye tumbo lililoshuka kitovu kinaweza kuwa chini sana, usikifuate.

Zungusha tepu, hakikisha iko sawasawa mbele na nyuma (mwombe mtu akuangalizie mgongoni, peke yako nyuma huwa inateremka). Pumua kawaida, toa hewa, na mwisho wa kutoa hewa ndo usome. Usivute tumbo ndani. Usiminye tepu ikaingia kwenye nyama. Pima mara mbili, zikipishana zaidi ya sentimita moja rudia.

Ukitaka na nyonga pia, pima pale makalio yanapojaza zaidi. Gawanya kiuno kwa nyonga. Mwanaume akifika 0.90 na mwanamke 0.85 hatari imeongezeka.

Hatua ya tatu: linganisha na urefu wako

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote kwa sababu hata bibi ambaye hakwenda shule anaifanya mwenyewe. Simama pekupeku ukutani, mtu akate kamba ndefu sawa na wewe, kutoka kisigino mpaka utosini. Ikunje katikati. Izungushe kiunoni pale tulipopaona. Ncha zikikutana, uko vizuri. Zisipokutana, kiuno chako kimezidi nusu ya urefu wako. Sio kitu cha kubuni mtaani, mwaka 2022 taasisi ya NICE ya Uingereza, inayowapa madaktari wao miongozo ya matibabu, iliweka hili rasmi, kwamba kiuno kibaki chini ya nusu ya urefu.

Kwa wanaotaka namba: mtu wa sentimita 160 kiuno kisifike 80, wa sentimita 170 kisifike 85. Kikifika sehemu sita kwa kumi za urefu, mfano 102 kwa mtu wa 170, hapo hatari ni kubwa, usikae. Shirika la Afya Duniani lina namba zake ambazo haziangalii urefu: mwanaume kuanzia 94 ni onyo na 102 ni hatari kubwa, mwanamke ni 80 na 88.

Hatua ya nne: BMI usiitupe, ila isome kwa akili

BMI ni kilo zako ugawanye kwa urefu wa mita, jibu uligawanye tena kwa urefu uleule. Kati ya 18.5 na 24.9 ni kawaida, 25 na kuendelea uzito umezidi, 30 na kuendelea ni unene wa kupindukia.

Chukua mwanaume wa miaka 55, kilo 68, sentimita 170. BMI yake inatoka 23.5, kiliniki wanampongeza. Lakini ana miguu myembamba na mikono myembamba, kiuno 97. Hiyo ni zaidi ya nusu ya urefu wake tena kwa sentimita 12. Sasa chukua mama wa umri huohuo, sentimita 160, kilo 74, BMI karibu 29, wanamwambia amezidi uzito. Kiuno chake 79, nyonga 110. Ukiniuliza mimi nani aende kupimwa presha na sukari leo, nasema yule baba mwembamba, huyu mama aje kesho. Akina mama wenye nyonga kubwa mmetishwa bure miaka mingi, angalieni kiuno.

Kwa mzee aliyepinda mgongo BMI inapotosha zaidi, urefu umepungua kwa hiyo hesabu inamfanya aonekane mnene kuliko alivyo, na kamba nayo itakuwa fupi. Kwake tumia kiuno peke yake.

Hatua ya tano: hakikisha hilo tumbo ni mafuta

Hapa Uganda hii hatua hairukwi. Kuna tumbo la mafuta na kuna tumbo la maji. Akiwa Mulago mwaka 1948 daktari Davies alieleza ugonjwa ambao ukuta wa ndani wa moyo unakuwa na makovu, moyo haufunguki vizuri, na mgonjwa anajaa maji tumboni, na mpaka leo unaonekana kwetu. Moyo ulioshindwa kazi kwa sababu ya presha pia unaleta maji. Ini lililoharibika na pombe au homa ya ini, vilevile. Kichocho cha muda mrefu kwa watu wa ufukweni mwa ziwa Albert na ziwa Victoria, hali kadhalika. Na kwa wanawake usisahau uvimbe wa kizazi, na mimba!

Dalili za kukushtua: tumbo limekua ndani ya wiki chache na sio miaka, limekaza na mikono na uso vimekonda, miguu imevimba. Bonyeza kidole kwenye mfupa wa mbele wa mguu kwa sekunde kumi, ukitoa na shimo likabaki, hayo ni maji. Huwezi kulala bila mito mitatu, unaamka usiku unatafuta hewa. Ukiwa na hizi achana na habari ya kupunguza kula, nenda hospitali. Na kama tayari una ugonjwa wa moyo kushindwa, jipime uzito kila asubuhi, ukiongeza kilo 2 ndani ya siku tatu ni maji hayo, mpigie daktari wako.

Hatua ya sita: presha na sukari

Kiuno kikiwa kimezidi, nenda kituo cha afya chochote kilicho karibu. Kaa umetulia dakika tano kabla ya kupimwa, mgongo umeegemea, mkono uko mezani, usiongee. Kama una mkono mnene omba kile kitambaa kikubwa, kidogo kinasoma presha ya juu ya uongo. Ikifika 140 kwa 90 siku mbili tofauti, ni presha. Sukari pimwa kabla hujala, 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) na kuendelea ni ugonjwa wa kisukari, wanarudia kuhakikisha. Kolesteroli wakiwa nayo pima, wasipokuwa nayo hivi viwili ndo muhimu kwanza.

Lile daftari lako la shule unaloenda nalo kwa daktari, nyuma yake chora mistari: tarehe, kiuno, kilo, presha. Wengi wanaanza daftari jipya kila wakiugua na daktari anakuwa hana cha kulinganisha.

Hatua ya saba: kupunguza

Huhitaji kurudi ulivyokuwa ukiwa na miaka 20. Ukipunguza asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wako, yaani kilo 4 mpaka 8 kwa mtu wa kilo 80, presha na sukari vinashuka kwa namna inayoonekana, na mafuta ya ndani huwa ya kwanza kuitikia.

Anza na vya kunywa kwa sababu ndo rahisi. Soda moja ya nusu lita ina kama gramu 50 za sukari, hivyo ni vijiko kama 12 vya chai, na kuna watu wanakunywa mbili kwa siku juu ya chai ya sukari vijiko vitatu. Bia na waragi nazo hesabu, pombe inanenepesha na inapandisha presha. Halafu mafuta ya kupikia. Matoke yetu ya kupikwa kwa mvuke kwenye majani ya migomba hayana tone la mafuta, ni chakula kizuri, tatizo ni wingi, mlima wa matoke na wali na posho na viazi kwenye sahani moja kisha mboga kijiko. Geuza: nusu ya sahani iwe mboga za majani kama dodo, nakati, sukuma, robo iwe chakula kimoja cha wanga sio vinne, robo iwe maharage, mukene (dagaa) au samaki. Rolex (chapati na mayai) na kikomando (chapati na maharage) sikukatazi, ila chapati mbili za mafuta kila usiku saa nne halafu unalala, hapana. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, na acha kuongezea mezani.

Mwendo: dakika 150 kwa wiki za kutembea haraka, mpaka unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Shuka kwenye taksi kabla ya stage yako, acha boda kwenye safari fupi, na vilima vya Kampala ni jimu ya bure, panda kutoka Wandegeya mpaka Makerere utaniambia. Usiseme hakuna nafasi, wakati wa lokdauni ya 2020 Rais Museveni akiwa na miaka 75 alionyesha nchi nzima kukimbia na kupiga pushapu ndani ya ofisi. Ila kutembea peke yake hakurudishi misuli. Mara mbili kwa wiki fanya kazi ya nguvu: kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kushika, kusukuma ukuta, kubeba jeri za maji, kulima.

Vya kuacha. Chai za kukata tumbo zinazouzwa barabarani na kwenye simu, nyingi zinakuharisha tu, unapoteza maji na potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo unaweza kupiga ovyo, yaani unatibu moyo kwa kuuumiza. Mikanda ya kubana tumbo haiyeyushi kitu. Na sitapu mia kila asubuhi zinakaza misuli ya tumbo lakini haziondoi mafuta yaliyo ndani yake.

Kwa walio kwenye dawa za virusi vya UKIMWI: ni kweli baadhi ya watu wanaongeza uzito kwenye dawa za sasa zenye dolutegravir. Usiruke hata kidonge kimoja kwa sababu ya tumbo. Mwambie mhudumu wako wa kiliniki, mpimwe kiuno na presha hapohapo, chakula na mwendo vinafanya kazi kwako sawa na kwa mwingine.

Ukivuka miaka 65 kanuni zinabadilika kidogo

Mzee mwenye uzito uliozidi kidogo tu, anayetembea mwenyewe, anayekula vizuri, usimfungie chakula. Katika umri huo unene kidogo hauongezi vifo kama kwa kijana, na kukonda ndo kunaogopesha zaidi. Kiuno bado ni cha kuangalia, lakini lengo liwe kulinda misuli: yai, maharage, mukene, maziwa kila siku, na kuinuka kwenye kiti mara kadhaa asubuhi na jioni. Jajja, yaani babu au bibi, akipungua bila kujaribu, nguo zinamlegea, msimsifu kwamba amekuwa mwepesi. Mpelekeni akapimwe kifua kikuu, kisukari, virusi, saratani, na muangalie meno pia, wengine hawali kwa sababu hawawezi kutafuna.

Kurudia kupima

Kama unapunguza, pima kiuno mara moja kila mwezi, sehemu ileile, asubuhi. Kila siku utajichosha, tumbo linajaa na kupungua kwa chakula na gesi. Sentimita moja kwa mwezi ni kazi nzuri sana hata kama mizani haijasogea, maana inawezekana umeongeza misuli. Kama uko sawa, pima kila mwaka, chagua siku usiyoisahau.

Na kuna mambo ambayo hayasubiri tarehe. Kifua kinabana kama kimewekewa jiwe, maumivu yanaenda mkono wa kushoto, taya au mgongo, jasho jembamba, pumzi inakata, na kwa wanawake na wenye kisukari inaweza kuwa uchovu mkali na kichefuchefu tu bila maumivu makubwa. Au mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki, hicho ni kiharusi. Usinywe dawa ya gesi ukalala uone kama itapita. Usiendeshe gari mwenyewe na usipande boda peke yako, tafuta gari na mtu wa kukaa naye, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, au kama uko Kampala, Taasisi ya Moyo ya Uganda iko hapo Mulago. Lile daftari lenye presha na kiuno chako aliyekusindikiza alishike mkononi.